Simiyu Inapochanua: Jinsi ya Kuyaona Mashamba ya Pamba na Alizeti

Ukifika Bariadi mwezi wa Septemba ukauliza maua yako wapi, utaonyeshwa majivu. Miti ya pamba imekwisha kung'olewa na kuchomwa, maana kanuni za zao hilo zinataka mashamba yawe safi ifikapo tarehe 15 ya mwezi huo, na ardhi nyeusi ya mbugani imepasuka nyufa za kumeza kiatu. Rudi pale pale mwezi wa Machi. Pamba imefika kiunoni, kila mti umebeba maua ya rangi mbili kwa wakati mmoja, na ng'ambo ya kijia kuna alizeti iliyosimama safu kwa safu mpaka kwenye majabali.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda kujionea: mkazi wa Mwanza au Shinyanga aliyepata siku mbili za mapumziko, mwalimu mwenye darasa la kilimo, mtoto wa Kisukuma aliyekulia Dar es Salaam, au msafiri anayekimbilia Serengeti bila kutazama dirishani. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa Shinyanga na Busega iliyokatwa Magu mkoani Mwanza; Itilima ikazaliwa kutoka Bariadi. Kwa pamba hauna mpinzani nchini: misimu mingi karibu nusu ya pamba yote ya Tanzania hutoka huku.

Mtu aliyezoea kwenda Kitulo kule nyanda za juu kusini, hifadhi ya taifa tangu 2005, atatafuta lango, tiketi na askari wa kumwonyesha njia. Simiyu hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kila ua utakaloliona lina mwenyewe, na mwenyewe huyo yuko kazini. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengine yote humu utayaelewa kwa urahisi.

Lini uende

Usiulize mwezi, uliza mvua. Huku mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Mei, na katikati, kati ya Januari na Februari, hutokea kipindi cha ukavu ambacho mwaka mmoja ni cha siku chache na mwaka mwingine ni balaa. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Ua la kwanza hutoka miezi miwili baadaye, au siku chache zaidi. Kwa hiyo mashamba ya mapema huanza kuchanua mwishoni mwa Januari, na mengi huwa yamechangamka Februari na Machi.

Alizeti huja nyuma kidogo. Wengi huipanda pamba ikishatulia, Januari na Februari, nayo huchukua karibu miezi miwili kufungua vichwa. Ndiyo maana, kama una wiki moja tu ya kuchagua katika mwaka mzima, ningekwambia uchague nusu ya pili ya Machi: pamba bado ina maua juu, alizeti inafungua, na barabara za vijijini hazijaharibiwa sana na mvua za Aprili.

Hata hivyo kalenda peke yake itakudanganya. Kabla hujakata tiketi, mpigie simu mtu aliyeko huko na umuulize swali moja: pamba ya kwenu ilipandwa lini? Kisha hesabu siku sitini hadi sabini. Jibu la "mvua zilichelewa, tumepanda baada ya Krismasi" linakusogeza hadi Machi mwanzoni. Jibu la "tumepanda mara mbili" lina maana kwamba mbegu za kwanza zilikauka ardhini, na kijiji hicho mwaka huu kitakuwa na viraka vya maua, hapa mengi, pale hakuna. Tofauti hizo hutokea hata ndani ya wilaya moja. Kwa jumla Busega, iliyo jirani na ziwa, hupata mvua nzuri kuliko Meatu iliyo upande wa kusini-mashariki, na anayepanga kuzunguka mkoa mzima afanye hesabu kwa kila wilaya peke yake.

Jifunze kuusoma udongo kwanza

Anayeendesha gari kutoka Bariadi kuelekea upande wowote ataona umbo lile lile likijirudia: kilima chenye majabali, mteremko mrefu, halafu bonde tambarare. Wasukuma wana jina la kila ngazi ya mteremko huo. Karibu na mawe, udongo ni wa kichanga na mwepesi, nao wanauita luseni. Ukishuka unakutana na udongo mgumu ulioshikana, itogolo na ibambasi, ambao maji hayapenyi upesi. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hii kitaalamu katika miaka ya 1930, na elimu hiyo ikaenea duniani. Wakulima wa huku walikuwa wakipanda kwa kuufuata zamani.

Kwa mtazamaji wa maua, ngazi hizi ndizo ramani. Kwenye luseni utaona karanga zenye viua vya manjano vilivyojificha chini ya majani, mihogo, na matuta ya viazi vitamu yenye maua ya zambarau hafifu yanayofungua asubuhi na kunyauka jua likikolea. Kwenye udongo mgumu tafuta majaruba ya mpunga na malisho. Pamba yenyewe hailimwi ngazi moja. Utaikuta juu na utaikuta chini. Ile ya mbugani ndiyo hubaki kijani wakati wa ukavu wa Februari kwa kuwa udongo mweusi hushika maji, na mvua zikizidi ndiyo hiyo hiyo hugeuka njano kwa kusimama ndani ya maji. Kwa hiyo mwaka wa ukame anza kutafuta maua bondeni. Mwaka wa mvua nyingi panda juu kuelekea kwenye mawe.

Ushauri mmoja wa gari, kwa kuwa tumeutaja udongo mweusi. Usiache barabara ya lami au ya changarawe kuingia mbugani baada ya mvua, hata kama gari lako lina nguvu za magurudumu yote manne. Egesha, vua viatu, tembea. Ng'ombe wa kukuvuta watapatikana, ila watakuwa wamefunguliwa kwenye plau la mtu.

Asubuhi moja na ua la pamba

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Alizeti inajionyesha yenyewe, hata aliye ndani ya basi anaiona. Pamba inataka uiname.

Fika shambani saa moja na nusu asubuhi, umande ukiwa bado upo. Shika tawi bila kulivuta na utafute kifundo cha vijani vitatu vyenye meno, vilivyokutana kwa juu. Ndani yake kuna ua ambalo bado limefumbwa. Jirani yake utaona jingine ambalo petali zake zimejitokeza zikiwa zimejisokota kama mshumaa: hilo litafunguka leo. Kati ya saa mbili na saa nne litakuwa wazi, jeupe lenye umanjano wa siagi, na katikati limejaa vumbi la chavua. Mtu aliyewahi kulima bamia atalitambua umbo hilo mara moja. Pamba, bamia na rosela ni ukoo mmoja, na maua yao yanafanana.

Ua hilo lina siku moja tu ya kazi. Pamba hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, ingawa nyuki wakipita huongeza. Mchana petali huanza kujikunja, jioni ncha zinapata wekundu, na kesho yake asubuhi ua lile lile lina rangi ya waridi iliyokolea na halifunguki tena. Siku ya tatu hivi hukauka na kudondoka, likiacha nyuma kitumba kidogo cha kijani. Ndiyo siri ya rangi mbili kwenye mti mmoja: jeupe ni la leo, jekundu ni la jana. Mgeni anayedhani ni mbegu mbili zilizochanganyika husahihishwa na watoto, tena kwa kicheko.

Ukitazama kwa utulivu zaidi utaona kwamba maua hayatoki ovyo. Mti huanza kuchanua matawi ya chini na kupanda juu. Kutoka tawi moja hadi la juu yake ni siku tatu hivi. Kwenye tawi lenyewe huanza karibu na shina na kuelekea nje, na hapo husubiri kama siku sita kati ya ua na ua. Kwa hiyo unaweza kuusoma umri wa msimu kwa macho. Tafuta ua jeupe lililo juu kuliko yote, halafu hesabu pingili kutoka hapo hadi kileleni. Zikiwa saba au nane, mti bado una nguvu ya kuendelea wiki kadhaa, na unaweza kumwambia rafiki yako aje wiki ijayo. Zikibaki nne au tano, mti umefika mwisho wake: chakula chote sasa kinakwenda kwenye vitumba, na maua utakayoyaona baada ya hapo ni machache. Maafisa ugani hutumia hesabu hii kujua hali ya zao; wewe itumie kupanga safari.

Utaona pia maua na vitumba vichanga vimeanguka chini. Ni kawaida. Pamba hudondosha sehemu kubwa ya inachokizaa, hasa jua likichoma au mvua ikikaa siku mfululizo na mawingu mazito. Ila ukiokota kitumba chenye tundu la mviringo na uchafu uliotoka mdomoni pa tundu, hiyo ni kazi ya funza wa vitumba, adui anayemfanya mkulima abebe bomba la kupulizia mgongoni. Usikipite bila kukitazama. Anayetaka kujua kwa nini watu wa Meatu au Maswa wanazungumzia dawa kwa uchungu, aanzie kwenye tundu hilo.

Jambo moja dogo ninalolipenda: nyuki na sungusungu utawakuta kwenye pamba hata siku ambayo hakuna ua lililofunguka. Pindua jani uangalie mshipa wake mkubwa kwa chini. Pana kijishimo kinachotoa utamu. Mti unawalipa wadudu nje ya maua pia, na sungusungu nao hushambulia mayai na viwavi vidogo. Mpango mzuri, mpaka dawa inapopita.

Alizeti, na upande wa kukaa kwenye basi

Watu wengi wanaamini kwamba alizeti huzunguka na jua mchana kutwa. Iliyo changa ndiyo hufanya hivyo. Kichwa kikishafunguka hutulia kikielekea mashariki na kubaki hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha mwaka 2016 kwamba maua yanayoelekea mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki huyatembelea mara tano zaidi ya yale waliyoyageuza kwa makusudi yaelekee magharibi.

Faida yake kwako ni hii. Ukitaka picha ya nyuso za alizeti, simama mashariki mwa shamba asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Jioni shamba hilo hilo litakuonyesha visogo. Na katika basi, ukitoka Lamadi kwenda Bariadi unasafiri kuelekea kusini, kwa hiyo kaa dirisha la kulia: mashamba ya upande huo yapo magharibi mwa barabara, na yote yamekugeuzia uso. Ukitoka Maswa kwenda Bariadi unapanda kaskazini, kaa kushoto. Makondakta hawatakuuliza sababu.

Kichwa kimoja ni maua mamia kwa mamia. Zile petali ndefu za manjano za pembeni ni tasa, kazi yake ni kuita wadudu. Viua halisi ni vile vidogo vya katikati, vinavyofunguka duara kwa duara kutoka nje kuingia ndani kwa muda wa wiki moja hivi, na kila kimoja kikichavushwa kinazaa punje moja. Ukikuta duara la njano liko robo ya njia kutoka pembeni, shamba lina siku kadhaa mbele yake. Likiwa limefika katikati, petali zimeanza kulegea na vichwa vinaanza kuinama, umechelewa kwa picha lakini umewahi kwa nyuki: mwulize mwenyeji kama kuna mizinga jirani.

Meatu kuna jambo la ziada. Tangu mwaka 1994 wakulima wa wilaya hiyo wamekuwa wakilima pamba ya kilimo hai chini ya mpango wa bioRe, bila dawa za viwandani. Utaona mistari ya alizeti imepandwa ndani au pembezoni mwa pamba. Mtu akiitazama haraka atadhani ni pambo. Ni mtego: funza huvutiwa kwenda kwenye alizeti na kuiacha pamba. Kwa macho yangu hayo ndiyo mashamba mazuri kuliko yote mkoani, manjano yakipita katikati ya kijani chenye vidoa vyeupe na vyekundu, na uzuri wote huo umetokana na hesabu ya wadudu.

Maua madogo, na moja usilolisifu

Choroko huchanua njano, karibu na ardhi, na huonekana mapema msimu. Ufuta huning'iniza vikengele vyeupe vyenye waridi. Mgagani unaoota wenyewe kando ya nyumba hutoa maua meupe mepesi, na mama mwenye nyumba atakwambia kwamba majani yakifika hatua hiyo yamekwisha kukomaa kwa mboga. Migunga nayo huwa na wakati wake.

Kisha kuna kiduha. Utalikuta kwenye mahindi na mtama, ua dogo zuri kweli, la waridi iliyoelekea zambarau au jekundu kabisa, limesimama chini ya mashina kana kwamba limepandwa na mtu wa bustani. Usiseme mbele ya mwenye shamba kwamba shamba lake limependeza. Kiduha hunyonya mizizi ya mahindi kabla hakijatokeza juu ya ardhi. Siku unapoliona ua, hasara imekwisha kuingia. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Usilichume, usilibebe kwenye mfuko, na ukilikanyaga likiwa na mbegu kung'uta viatu kabla ya kuingia shamba la pili. La kufurahisha ni kwamba pamba humchezea adui huyu: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha zikaota, zisipate cha kunyonya, zikafa. Ni sababu mojawapo ya kubadilisha mahindi na pamba mwaka hadi mwaka.

Kuingia shambani kwa mtu

Anza na salamu, tena usiifupishe. Asubuhi ni "mwangaluka", baada ya mchana ni "mwadila", na utajibiwa, kisha utaulizwa habari za ulikotoka, za watoto na za mvua. Jibu zote. Kiswahili kinaeleweka kila mahali, lakini kwa mzee salamu ya Kisukuma hufungua mlango. Mwanamke mzima mwite mayu, mwanamume aliyekuzidi umri mwite baba, ukishukuru sema "wabeja". Kama mnakwenda kundi, darasa au watu wengi wenye kamera, pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Watu wakiona wageni wanapima mashamba kwa macho bila maelezo, jambo la kwanza linalowajia ni kwamba ardhi inauzwa.

Tembea kwenye vijia au katikati ya mistari, ukiweka mguu kwenye udongo. Zamani mistari iliachana sentimita 90, na mtu alipita bila taabu. Siku hizi wakulima wanahimizwa kupanda kwa sentimita 60 kwa 30, na pamba ikishafunga majani hakuna pa kupita bila kuvunja matawi. Hapo simama pembeni. Pembeni panatosha.

Usichume ua la pamba, hata moja la kuweka sikioni. Kitumba kimoja hutoa gramu nne hadi sita za pamba mbegu, kwa hiyo kilo moja ni vitumba kama mia mbili. Darasa la watoto hamsini, kila mmoja akichuma manne, limemwondolea mtu kilo nzima kabla haijafika kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Wala usijitetee kwamba mti wenyewe hudondosha mengi. Mti unajua unayoyaacha, wewe hujui. Ukitaka ua la kuonyesha wanafunzi, okota lililoanguka.

Kabla hujagusa chochote uliza, "Mmepulizia lini?" Upuliziaji wa pamba hushika kasi hasa wakati wa maua. Kama ni jana au juzi, tazama kwa mbali, zuia watoto, na ukishagusa nawa kwa sabuni kabla ya kula. Makopo matupu ya dawa yaliyotupwa pembezoni usiyaokote. Vaa viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu na kofia. Manukato yaache nyumbani, kwa ajili ya nyuki.

Kwa vijiji vilivyopakana na Pori la Akiba Maswa na upande wa Serengeti, yaani sehemu za Meatu, Itilima, Bariadi na Busega, kuna jambo zito kuliko nyuki. Tembo hutoka na kuingia mashambani, mara nyingi giza likiingia. Kuwa umeondoka mapema, na usimbishie mwenyeji akikwambia njia fulani isipitwe leo. Picha ya machweo unaweza kuipigia Bariadi mjini.

Kuhusu picha: shamba omba kwa mwenye shamba, mtu omba kwa mtu. Ndege nyuki ya kupigia picha angani inahitaji vibali vya serikali popote nchini, na ukiwa jirani na hifadhi utaulizwa mapema zaidi.

Malipo? Hakuna desturi ya kutoza mtu anayetazama pamba, na nisingependa ianze kwa noti zinazorushwa dirishani. Ila ukimsimamisha mtu saa nzima katika wiki ya palizi umemgharimu. Nunua kitu: karanga, mtindi, au michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Bora zaidi nenda wakati wa mapumziko yao, saa tano kuendelea, baada ya wewe kumaliza kutazama maua yako ya asubuhi kutoka kijiani.

Njia na malazi

Barabara kuu ya mkoa ni ya lami: kutoka Mwigumbi hadi Maswa ni kilomita 50, Maswa hadi Bariadi 50 nyingine, na Bariadi hadi Lamadi 72. Atokaye Mwanza hupita Magu na kuingilia Lamadi; atokaye Dodoma, Singida au Shinyanga huingilia Mwigumbi. Ukilala Bariadi utakuwa katikati, na asubuhi bodaboda zitakupeleka Dutwa, Ngulyati au Nkololo. Kwa Meatu jitengee siku nzima, ulale Mwanhuzi. Lamadi pana samaki wabichi wa ziwani, sato na sangara, na hilo linatosha kuwa sababu ya kumalizia safari huko badala ya kuanzia huko.

Ukichelewa

Mei si hasara. Vitumba vinapasuka, shamba linageuka jeupe, na msimu wa ununuzi unafunguliwa. Nenda kituo cha AMCOS uone pamba ikitengwa, safi huku na fifi kule, na watu wakiitazama mizani kwa macho makali kuliko uliyotumia wewe kutazama maua. Kwenye mbuga zilizokwisha kunyonya maji utakuta dengu, iliyopandwa mvua zikiondoka na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Viua vyake ni vidogo, vya waridi na zambarau, na kuanzia Mei ndivyo vitu pekee vinavyochanua bondeni. Agosti maua utayapata penye vipando vya maonesho ya Nane Nane pale Nyakabindi, uwanja uliokuwa na maonesho ya kitaifa 2018, 2019 na 2020: alizeti ya kumwagilia, iliyopangwa kwa kamba, yenye kibao cha jina la mbegu. Ni nzuri kwa kujifunza aina za mbegu. Kwa macho, subiri Machi.

Na usiondoke bila mafuta ya alizeti. Vinu vidogo vya kukamua vipo mijini na kwenye vijiji vikubwa. Beba dumu lako lililosafishwa na kukaushwa kabisa, tazama mbegu inayomiminwa kinuni kama haina ukungu, na kama unafuga kuku au ng'ombe ulizia bei ya mashudu papo hapo. Mafuta ya siku hiyo huwa na mashapo. Yaache yatulie siku mbili tatu mahali pasipo na mwanga, kisha yamimine polepole kwenye chombo kingine na kuyaacha ya chini.